Jani Kubwa Uani: Mateke, Pambo au Sumu?

Katika parseli nyingi za Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, kuna mmea wa majani mapana ambao hakuna anayekumbuka aliyeupanda. Umeota pale maji ya kuogea yanapomwagika, au umo ndani ya bidoni iliyokatwa, mbele ya mlango. Mwenye nyumba anasema ni mateke. Mpangaji anasema ni maua tu ya mapambo, yametoka Bujumbura. Kijana anaupiga picha kwa simu na kupewa jina la Kilatini ambalo hakuna awezaye kulitamka. Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Wanaweza pia kuwa wamesema kweli wote, kila mmoja kuhusu mmea wake, kwa kuwa uani kuna mimea mitatu inayofanana.

Ubishi huu usingekuwa na uzito kama majani makubwa yote yangekuwa na tabia moja. Moja hulisha familia, jingine huvimbisha ulimi wa mtoto, na la tatu linaweza kuwa makao ya ugonjwa wa migomba. Watu huuliza swali moja, "huu ni mmea gani?", na ndani yake mna maswali matatu. Unalika? Unafaa kubaki pale watoto wanapocheza? Una madhara kwa shamba? Kila swali lina shahidi wake wa kuaminika, na makosa mengi hutokea shahidi wa swali moja anapoitwa kujibu jingine.

Mji wa maji mengi na usiku usio na baridi

Uvira imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Uso wa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mji milima hupanda ghafla hadi kupita mita 2,000. Mito mifupi kama Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge huteremka kwa kasi, hukata mji na kuishia ziwani. Ziwa lenyewe hutunza joto, hivyo usiku wa pwani hii haufanani na ule wa nyanda za juu.

Hali hiyo ndiyo jani kubwa linalotaka. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ian Wright na wenzake uliopima majani ya spishi zaidi ya 7,600 kutoka pande zote za dunia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kinachozuia jani lisipanuke ni hatari ya kuungua kwa jua la mchana. Utafiti huo ulionyesha kuwa sehemu nyingi za dunia kizuizi ni baridi ya usiku: jani pana hupoteza joto upesi na kuganda kabla ya jani dogo. Mahali penye maji ya kutosha na usiku wa joto, vizuizi vyote viwili hulegea. Ndiyo maana mimea isiyo na udugu wowote, mmoja jamaa wa mateke na mwingine jamaa wa mgomba, huishia kuvaa umbo moja katika uwanja mmoja.

Sababu ya pili ni safari za watu. Karibu kila mmea mkubwa wa mapambo katika parseli za Uvira asili yake ni mbali. Dieffenbachia, Caladium, Monstera na Canna zimetoka Amerika ya kitropiki. Alocasia na mateke ya kawaida yana asili ya Asia. Epipremnum, ile inayotambaa dirishani ikiwa ndani ya chupa ya maji, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Pasifiki. Ravenala imetoka Madagaska. Utawala wa kikoloni ulikuwa na vituo vyake vya kujaribu mimea ya kigeni, kama bustani ya Eala karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900, lakini sehemu kubwa ya usambazaji imefanywa na mikono ya watu wa kawaida: kipande cha shina ndani ya mfuko, zawadi ya arusi, pambo la parokia lililoombwa na waumini. Matokeo yake ni kwamba vitabu vya mimea ya Kongo, vilivyoandikwa hasa kwa ajili ya mimea ya asili, haviisemi sana mimea hii, na lugha za hapa hazina majina yake ya zamani.

Maji nayo yanapanda bila kuulizwa. Mateke na jamaa zake huzaliana kwa vipande vya kiazi, na mto ukifurika hubeba vipande hivyo. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba nyingi kando ya Mulongwe na kuacha matope katika viwanja vya watu. Ziwa lilipopanda mwaka 2024, parseli za ufukweni ziligeuka ardhi oevu. Baada ya matukio ya namna hiyo huota vitu ambavyo hakuna mtu wa kuvitolea maelezo.

Mateke na jamaa zake

Kundi linalozua ubishi mwingi ni familia iitwayo Araceae. Humo mna mateke yenyewe, Colocasia esculenta, ambayo Dar es Salaam ni magimbi na Nairobi ni nduma. Mna Xanthosoma, mateke ya Kiamerika, ambayo kwa kawaida huaminiwa kufika Afrika Magharibi mwaka 1843 pamoja na Wakristo wa Karibi waliokuja Ghana na Misheni ya Basel. Mna pia Alocasia, Dieffenbachia, Caladium, Monstera na Epipremnum, ambazo watu wengi hapa huziweka kwa uzuri tu.

Ua la familia hii halina mfano: kijiti kinene kilichojaa viua vidogo sana, kimezungukwa na jani moja lililojikunja, mara jeupe, mara la kijani au la manjano. Ukiliona, familia imejulikana. Tatizo ni kwamba mimea ya uani hukatwa, huhamishwa na kubanwa ndani ya vyombo vidogo, hivyo maua huonekana kwa nadra. Wataalamu wa mimea tangu Linnaeus, karne ya 18, wamejenga elimu yao juu ya maua na matunda, na mkazi wa Uvira ana jani tu mkononi.

Jani ni shahidi dhaifu kwa sababu hubadilika na umri, kivuli na maji. Monstera changa haina tundu hata moja. Epipremnum ya sebuleni hutoa majani ya ukubwa wa kiganja, lakini ikipata mwembe wa kupanda, majani hupita nusu mita na kupasuka pembeni, na mtu aliyeuzoea mmea ule kwenye chupa ataapa kuwa ni mwingine. Nani atamlaumu?

Hata hivyo ipo sehemu moja ya jani inayosema mengi, nayo ni pale kikonyo kinapokutana na bapa. Katika mateke ya kawaida kikonyo hakifiki ukingoni. Huingia upande wa chini wa jani, ndani kidogo kutoka kwenye pengo lililo kati ya masikio mawili ya jani, na upande wa juu, mkabala na hapo, mara nyingi huonekana nukta ya rangi tofauti. Ncha ya jani huelekea chini, na uso wake haung'ai. Maji yakimwagwa juu yake huviringika na kuanguka bila kulilowesha. Xanthosoma huonekana tofauti mara tu ukiigeuza: kikonyo kinaishia kwenye pengo lenyewe, ukingoni. Alocasia kubwa, Alocasia macrorrhizos, kikonyo chake kinafanana na cha Xanthosoma, lakini jani lake husimama ncha ikielekea juu, huwa linang'aa, na mmea ukizeeka huinua shina nene juu ya ardhi.

Alama hizi zinasaidia, ila zina mwanya hatari. Alocasia nyingi zikiwa changa hubeba kikonyo kilichoingia ndani ya jani kama cha mateke, na spishi moja, Alocasia odora, hubaki hivyo hata ikikomaa. Japani, nchi inayolima na kula mateke tangu zamani, watu wamepata sumu mara kwa mara kwa kuchimba Alocasia odora wakidhani ni mateke ya shambani. Ikiwa wakulima wenye uzoefu kiasi hicho hukosea, alama ya kikonyo peke yake haitoshi kumruhusu mtu aweke kitu kwenye sufuria.

Kinachowasha

Kinachounganisha familia hii kuliko umbo la jani ni kemia yake. Ndani ya tishu kuna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, zimefungwa mafungu mafungu. Jani au kikonyo kikitafunwa, sindano hizo huchoma ngozi laini ya mdomo na koo, na majimaji ya mmea yenye protini kali huingia kwenye vijeraha hivyo. Mdomo huwaka papo hapo, mate hutiririka, ulimi na midomo huvimba. Kwa Dieffenbachia uvimbe unaweza kumnyima mtu sauti kwa saa kadhaa au siku.

Mateke ya kula yana sindano zilezile, na kila aliyewahi kumenya mateke mabichi anajua mikono inavyowasha. Joto la moto haliyeyushi fuwele zenyewe. Linachofanya zaidi ni kuharibu zile protini, na maji ya kuchemshia yakimwagwa huondoka na sehemu ya kero. Kwa hiyo mstari kati ya chakula na sumu hapa haupiti katikati ya "yenye sindano" na "isiyo na sindano". Unapita kwenye kiwango cha sindano, aina iliyochaguliwa na wakulima kwa vizazi, na muda wa kuchemsha. Visiwa kadhaa vya Pasifiki hula hata Alocasia macrorrhizos baada ya kuipika kwa muda mrefu na kwa ujuzi wao. Mtu wa Uvira asiyekuwa na ujuzi huo asiufanye mfano.

Vifo ni nadra, kwa kuwa maumivu humfanya mtu ateme mapema. Mtoto mdogo ndiye wa kuhofia, maana koo lake ni jembamba na uvimbe mdogo unaweza kuziba pumzi. Akitafuna, afutwe mdomo, asukutue, apewe maji baridi au maziwa kama anaweza kumeza, na asilazimishwe kutapika. Akianza kupumua kwa shida, au ulimi ukiendelea kuvimba, ni safari ya hospitali bila kusubiri, na kipande cha mmea kibebwe pamoja naye. Majimaji yakiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Migomba na isiyo migomba

Kundi la pili ni la mimea inayofanana na mgomba, na hapa ubishi ni mdogo ila historia ni tamu. Mgomba mwitu, Ensete ventricosum, ni mwenyeji wa kweli katika milima ya mashariki mwa Kongo. Shina lake la chini hutuna, husimama peke yake bila maotea, mshipa wa kati wa jani mara nyingi ni mwekundu, na mmea hufa baada ya kuzaa mara moja. Tunda lake limejaa mbegu nyeusi, ngumu, kubwa. Mskoti James Bruce aliuchora huko Ethiopia katika karne ya 18. Mwaka 1853 mbegu zilifika bustani ya Kew, London, zikitumwa na Walter Plowden, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Massawa. Ni mwaka 1947 tu ambapo Ernest Cheesman aliutenga rasmi na migomba mingine chini ya jina Ensete. Mmea huohuo ni chakula cha mamilioni ya watu kusini mwa Ethiopia, pambo la bustani Ulaya, na magugu ya mlimani kwetu.

Mingine katika kundi hili hutambulika bila kuhangaika. Ravenala ya Madagaska, inayopendwa na hoteli, hupanga majani yake yote katika ubapa mmoja. Strelitzia nicolai ya Afrika Kusini hufanya hivyo pia, lakini huota kwa vichaka na ua lake ni jeupe na bluu iliyokolea. Canna ni fupi, ina maua mekundu au manjano na mbegu nyeusi ngumu kama risasi. Canna haina sindano zile, na mtoto akitafuna jani lake hakuna cha kuogopa.

Jambo zito katika kundi hili ni ugonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza kwenye ensete, Ethiopia, mwaka 1968, na miaka sita baadaye ukaelezwa kwenye migomba ya ndizi hukohuko. Mwaka 2001 ulizuka Uganda na Masisi, Kivu Kaskazini, na kutoka hapo ukateremka hadi Kivu Kusini. Husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na zaidi na panga la mkulima mwenyewe linalotoka mmea hadi mmea. Je, ensete ya pambo ndani ya parseli ni tishio? Inaweza kuambukizwa, hilo halina shaka. Lakini ensete haitoi ua hadi siku za mwisho wa maisha yake, hivyo wadudu hawana sababu ya kuifuata. Njia iliyobaki ni panga, na panga linaweza kuoshwa au kupitishwa motoni.

Bonde la Ruzizi lina pia ugonjwa wa kudumaa kwa migomba, unaoletwa na virusi na kusambazwa na vidukari pamoja na maotea yanayohamishwa. Mgomba ulioathirika hufupika, majani yake hubanana kileleni yakiwa membamba na wima. Nauleta hapa kwa sababu mmea usiojulikana wa majani ya ajabu unaweza kuwa mgomba wa kawaida unaougua, na anayeupanda ndani ya chungu kwa kuupenda umbo lake anaufuga ugonjwa.

Nje ya makundi haya mawili kuna mmoja wa kutajwa, mbarika, Ricinus communis. Huota wenyewe kwenye vifusi na kando ya mito, na majani yake yenye vidole humfanya mtu adhani ni mpapai mchanga. Mpapai ukikatwa hutoa maziwa meupe, mbarika hautoi. Mbegu zake zenye madoadoa zina risini, sumu ya kuua zikitafunwa, na watoto huzipenda kwa rangi zake. Kwa hatari ya kifo, mbarika unaipita familia nzima ya mateke.

Mashahidi wanne

Shahidi wa kwanza ni mtu mzima wa mtaa, kwa kawaida mama au nyanya anayelima. Nguvu yake haithaminiwi inavyostahili. Mateke hayapandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa kipande cha mmea uliotangulia, kwa hiyo mmea alioupata kutoka kwa dada yake wa Kiliba ni mmea uleule, kwa damu na kwa kemia, ambao dada yake ameula miaka yote. Maarifa yamesafiri pamoja na kipande. Maabara yenyewe haina ushahidi mzuri kuliko huo kwa swali la kula. Udhaifu wake unaanza pale mnyororo unapokatika. Akiletewa Dieffenbachia au Alocasia ya mapambo, hana historia nayo, na mazoea yatamsukuma aiite mateke kwa kuwa inafanana nayo. Ujasiri wake ni uleule katika hali zote mbili, na hapo ndipo msikilizaji anapodanganyika.

Shahidi wa pili ni simu. Pl@ntNet, iliyoanzishwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, ilitoa programu yake ya simu mwaka 2013. iNaturalist ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Google Lens ilifuata 2017. Zote hujifunza kwa picha zilizokwisha kupewa majina, nazo picha zimejaa pale penye watu wengi wenye simu na muda: Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hapa kuna kinyume cha kushangaza. Mimea ya mapambo ya kigeni ndiyo iliyopigwa picha zaidi duniani, kwa hiyo simu inaijua Monstera ya Mexico vizuri kuliko mmea mwitu wa safu ya Itombwe. Kwa chungu cha sebuleni simu ni shahidi mzuri sana. Kwa kilichoota chenyewe mtoni ni shahidi wa kubahatisha. Nyongeza ya hayo, wengi hupiga picha moja ya jani kutoka juu, pembe ambayo haionyeshi kikonyo kinapoingia, yaani wanaificha alama bora kuliko zote kisha wanalalamika kwamba programu imekosea. Picha tatu, ya mmea mzima, ya upande wa chini wa jani na ya shina karibu na ardhi, hubadilisha jibu mara nyingi. Asilimia inayotolewa na programu nayo husomwa vibaya: inalinganisha majina ambayo programu inayajua, na haisemi lolote kuhusu usalama wa kula.

Muuzaji wa miche ni shahidi wa tatu, na sitakaa naye sana. Anajua unapenda kivuli au jua na unataka maji kiasi gani. Jina analolitoa ni la biashara, na hana faida yoyote kutaja sumu.

Wa nne ni mtaalamu. Uvira ina kituo cha utafiti, CRH, na watu hukikimbilia kwa sababu ndicho kilichopo, lakini kazi yake ni elimu ya maji na viumbe wa ziwa. Hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ipo Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Chuo Kikuu cha Burundi pia kina yake Bujumbura, karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Jibu la mtaalamu ndilo pekee linaloweza kutetewa mbele ya mtaalamu mwingine. Gharama zake ni barabara, usalama wa barabara, mpaka na muda. Na majani ya Araceae, yenye maji mengi, huoza kabla ya kukauka yasipokatwa vipande. Atakayetuma sampuli atume kipande chenye kiungo cha kikonyo, ua kama lipo, picha ya mmea mzima mtu akiwa amesimama kando, na karatasi yenye tarehe na mahali. Hata hapo ajiandae kupewa jina la jenasi tu. Mipaka ya spishi za Xanthosoma zinazolimwa bado inabishaniwa na wataalamu wenyewe.

Kipimo cha tano, kuonja kidogo ili kuona kama unawasha, bado kina watetezi. Kina mantiki fulani, maana kuwasha ni dalili ya kweli ya sindano. Lakini mateke mazuri nayo huwasha yakiwa mabichi, na mbegu ya mbarika haiwashi mdomo kwa namna ya kumwonya mtu. Kipimo kinachokataa chakula na kupitisha sumu hakifai kwa lolote.

Kila swali na bei yake

Tukirudi kwenye maswali matatu, mizani inakaa hivi.

Kwa swali la watoto, jina kamili halihitajiki. Ikishajulikana kuwa mmea ni wa Araceae, ule au usile, pambo au chakula, hatua ni moja: uondoke pale mtoto wa miaka miwili anapoufikia. Simu inatosha kwa hilo, na hata ikitaja Alocasia badala ya Xanthosoma, kosa hilo halimdhuru mtu. Mbarika ung'olewe tu. Wapo watakaosema hii ni hofu ya kupita kiasi, kwamba tumekua na mimea hii na hatukufa. Ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi mateke yafukuzwe parseli. Yahamishwe nyuma ya jiko. Dieffenbachia iliyo mlangoni, isiyolisha mtu, ina utetezi mdogo zaidi.

Kwa swali la shamba, mtaalamu ndiye mwenye neno, lakini hatua za awali hazisubiri jina. Usafi wa panga na kukataa maotea kutoka shamba lenye migomba iliyodumaa hufaa, mmea wa uani uwe ensete au usiwe.

Swali la kula ndilo linalotaka uhakika mkubwa, na hapo simu inapaswa kunyamaza kabisa. Anayestahili kusikilizwa ni yule anayejua kipande kilitoka wapi na nani amekila. Ugumu upo kwenye kile kilichoota kando ya Mulongwe baada ya maji kupungua: kinafanana na mateke, kikonyo kimeingia ndani ya jani, nyanya anakubali, simu inakubali, na bado hakuna anayejua kilianzia kwa nani. Mateke yaliyorudi mwituni yanaweza kuwasha kuliko yale ya shambani hata spishi ikiwa moja, kwa sababu hakuna aliyeyachagua.

Wengi hujaribu kutatua kitendawili hicho kwa kuchemsha zaidi. Kiuchumi hilo halina maana. Kipande cha mateke ya kupanda kutoka kwa jirani hupatikana kwa bei ndogo sana au kwa kuombwa, hushika upesi palepale penye maji ya kuogea, na kwa hali ya hewa ya ufukwe huu huweza kuchimbwa ndani ya miezi 6 hadi 12. Kile cha mtoni kinaweza kubaki mtoni, bila jina.